Wasifu wa Harry Ferguson: Mtu Aliyeliunganisha Trekta na Plau

Mtahiniwa, wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine. Soma wasifu ufuatao mara mbili. Mara ya kwanza fuata mtiririko wa maisha ya mhusika. Mara ya pili zingatia chanzo na matokeo: kwa nini jambo fulani lilitokea, na likazaa nini. Maswali mengi ya ufahamu hutoka hapo. Mwishoni kuna muhtasari na maswali ya kujipima.

Kuzaliwa na malezi

Harry Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 katika kijiji cha Growell, karibu na mji wa Dromore, wilaya ya Down, katika sehemu ambayo leo inaitwa Ireland Kaskazini. Baba yake alikuwa mkulima na mtu wa dini mwenye msimamo mkali. Familia ilikuwa kubwa, yenye watoto kumi na mmoja. Harry aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 ili afanye kazi shambani kwa baba yake. Kazi hiyo hakuipenda. Ilikuwa ya kutembea nyuma ya farasi kutwa nzima, mchana ukiisha mtu amelima kipande kidogo tu na miguu imekufa ganzi.

Mwaka 1902 alikwenda mjini Belfast kumfuata kaka yake, Joe, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza baiskeli na magari. Hapo ndipo kipaji chake kilipoonekana. Alikuwa na sikio la injini: aliweza kuisikiliza na kujua ina tatizo gani. Alishiriki mashindano ya pikipiki na magari, na umaarufu wake uliiletea karakana wateja wengi.

Ndege ya mwaka 1909

Baada ya kuona maonesho ya ndege nje ya Ireland, Ferguson alirudi nyumbani na kuanza kuunda ndege yake mwenyewe. Tarehe 31 Desemba 1909, siku ya upepo mkali, aliirusha huko Hillsborough umbali wa takribani mita 120. Alikuwa mtu wa kwanza kurusha ndege yenye injini katika ardhi ya Ireland, na ndege hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake.

Tukio hili linatuonesha tabia mbili zilizomfuata maisha yake yote. Kwanza, hakukubali kuambiwa kwamba jambo haliwezekani. Pili, alipima kila kitu. Katika ndege, uzito ukikaa mahali pasipofaa chombo huanguka, na rubani huumia. Somo hilo la uzito na mahali nguvu inapopita ndilo aliloliingiza baadaye shambani. Mwaka 1911 alianzisha biashara yake ya magari mjini Belfast, na mwaka 1913 alimwoa Maureen Watson.

Tatizo aliloliona mashambani

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Kufikia mwaka 1917 meli nyingi zilizokuwa zikileta chakula Uingereza zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Ujerumani. Serikali ilihitaji ardhi nyingi ilimwe haraka. Ferguson, ambaye tayari alikuwa akiuza matrekta, alipewa kazi ya kuzunguka Ireland kusimamia matumizi ya mashine hizo. Alifuatana na fundi wake, William Sands, aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi.

Walichokiona kiliwasikitisha. Matrekta ya wakati huo yalikuwa mazito kama nyumba. Yaliikandamiza ardhi iliyotakiwa kulainishwa. Plau, yaani jembe la kukokotwa, ilifungwa nyuma kwa mnyororo au chuma kimoja, kama vile mkokoteni unavyofungwa kwa punda. Trekta lilikuwa na njia yake na plau ilikuwa na yake.

Jambo baya zaidi lilikuwa hatari kwa dereva. Tafakari trekta linavuta plau, kisha ncha ya plau inanasa kwenye jiwe lililofichika ardhini. Injini inaendelea kusukuma. Magurudumu ya nyuma yameshika ardhi na hayawezi kusonga mbele. Nguvu ya injini haipotei. Hutafuta mahali pengine pa kwenda. Kama magurudumu hayazunguki, basi mwili wa trekta wenyewe huanza kuzunguka juu ya ekseli ya nyuma. Pua ya trekta hunyanyuka, magurudumu ya mbele huacha ardhi, na trekta hupinduka chali juu ya dereva. Yote hayo huweza kutokea chini ya sekunde mbili, kabla mtu hajapata nafasi ya kukanyaga klachi. Madereva wengi walikufa hivyo.

Watengenezaji wengi walidhani dawa ni kuongeza uzito wa trekta. Ferguson aliona kwamba kosa halikuwa katika trekta wala katika plau. Kosa lilikuwa katika mahali vitu hivyo viwili vinapokutana.

Miaka ya kutafuta jibu

Kazi hii haikukamilika kwa siku moja. Mwaka 1917 Ferguson na Sands walitengeneza plau nyepesi isiyo na magurudumu, iliyofungwa moja kwa moja kwenye gari la Ford lililogeuzwa kuwa trekta. Dereva aliinyanyua kwa wenzo akiwa amekaa kitini. Baadaye walitengeneza plau nyingine kwa ajili ya trekta la Fordson, iliyoshikwa kwa viungo vya juu na vya chini badala ya kimoja. Hatari ya kupinduka ilipungua sana.

Hata hivyo, tatizo jipya lilijitokeza. Shamba halina usawa kama sakafu. Magurudumu ya mbele yakipanda kituta, plau iliyofungwa kwa uthabiti huzama zaidi. Yakiingia bondeni, plau hutoka juu. Ilihitajika njia ya kuifanya plau ijirekebishe yenyewe. Ferguson alipata jibu katika nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, yaani haidroliki. Mwaka 1926 alipata hataza ya Uingereza kwa mfumo huo. Mwaka 1933 alikamilisha trekta la majaribio lililopakwa rangi nyeusi, ambalo lilijulikana kama Trekta Jeusi. Mwaka 1936, akishirikiana na kiwanda cha David Brown huko Yorkshire, Uingereza, alianza kuuza trekta lenye mfumo kamili. Tangu alipoliona tatizo hadi kuuza jibu, ilipita miaka 19.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Sehemu hii isome kwa makini, kwa sababu ndiyo kiini cha umaarufu wake.

Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya chuma: miwili chini, kushoto na kulia, na mmoja juu katikati. Ukiichora, inafanya umbo la pembetatu. Mikono ya chini huvuta na kunyanyua. Mkono wa juu ndio wenye siri.

Plau inapokata udongo, udongo huizuia kwa chini. Plau hutaka kuinama mbele, na kichwa chake huusukuma mkono wa juu kuelekea kwenye trekta. Msukumo huo huikandamiza pua ya trekta chini. Angalia sasa jinsi mambo yalivyogeuka: upinzani wa udongo, ambao zamani ulishirikiana na injini kulipindua trekta, sasa unalizuia lisipinduke.

Msukumo wa mkono wa juu hufanya kazi ya pili. Hubana springi, na springi hufungua valvu ya haidroliki. Udongo ukiwa mgumu, msukumo huongezeka, na mafuta hunyanyua plau kidogo. Udongo ukiwa laini, msukumo hupungua, na plau hushuka tena. Kwa njia hiyo mzigo wa trekta hubaki karibu sawa bila dereva kugusa kitu.

Kazi ya tatu ni mshiko wa magurudumu. Haidroliki inapoibeba plau, sehemu ya uzito wa plau na wa udongo unaoivuta chini huhamia kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo trekta jepesi hupata mshiko pale linapouhitaji, na halina haja ya kubeba tani za chuma kutwa nzima. Na kama plau ikinasa ghafla kwenye jiwe, uzito huo huondoka kwenye magurudumu ya nyuma, nayo huteleza na kuzunguka mahali pamoja. Badala ya trekta kupinduka, dereva hubaki amekaa, anakanyaga klachi, anarudi nyuma kidogo na kunyanyua plau.

Kupeana mikono na Henry Ford

Mwezi Oktoba 1938 Ferguson alilipeleka trekta lake Marekani, kwenye shamba la Henry Ford huko Dearborn, jimbo la Michigan. Ford alikuwa na umri wa miaka 75 na alikuwa mtengenezaji maarufu wa magari na matrekta. Trekta dogo la Ferguson lilishindanishwa na mengine, likafanya vizuri kuliko yote. Kisha Ferguson alionesha siri yake mezani kwa mfano mdogo wa trekta lenye springi. Ford alielewa mara moja.

Wazee hao wawili walikubaliana hapohapo. Ford angetengeneza matrekta. Ferguson angesimamia usanifu na mauzo. Hawakuandika mkataba. Walipeana mikono, wakaridhika. Juni 1939 trekta la Ford 9N lenye mfumo wa Ferguson lilizinduliwa, na katika miaka iliyofuata matrekta ya ushirika huo yalifikia takribani 300,000.

Kuaminiana kuna thamani, lakini ahadi ya mdomo huishi kadiri waliotoa ahadi wanavyoishi kazini. Mwaka 1945 uongozi wa kampuni ulichukuliwa na mjukuu, Henry Ford wa Pili. Kampuni ilikuwa ikipata hasara katika matrekta. Mjukuu aliuvunja ushirika huo, na mwaka 1947 kampuni ilianza kuuza trekta lake jipya likiwa bado na mfumo wa Ferguson. Mwaka 1948 Ferguson alifungua kesi akidai dola milioni 251. Kesi ilidumu zaidi ya miaka minne, ikamchosha mwili na mfuko. Mwaka 1952 pande mbili zilipatana, naye akalipwa dola milioni 9.25. Kiasi hicho kilikuwa kidogo sana kuliko alichodai, lakini kilithibitisha kwamba hataza zake zina thamani.

Trekta dogo la kijivu na miaka ya mwisho

Wakati mgogoro ukiendelea, Ferguson hakukaa bure. Tangu mwaka 1946 trekta lake jipya, TE20, lilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza. Lilikuwa dogo, la rangi ya kijivu, na jepesi kuendesha. Hata spana iliyouzwa nalo ilifikiriwa: ilitosha nati nyingi za zana zake, na ilikuwa na alama za inchi ili mkulima aitumie kupimia. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1956, zaidi ya matrekta 500,000 yalikuwa yametengenezwa. Tarehe 4 Januari 1958 mpelelezi Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia wakiendesha matrekta ya Ferguson yaliyofungwa minyororo ya kutembelea juu ya theluji.

Mwaka 1953 Ferguson aliunganisha kampuni yake na kampuni ya Massey-Harris ya Kanada. Pande hizo zilipotofautiana kuhusu dola milioni moja katika bei, zilikubali kurusha sarafu. Ferguson alishindwa, akalipokea tokeo hilo bila kinyongo. Kutoka muungano huo ndipo lilipotoka jina la Massey Ferguson, ambalo wengi wetu tumelisoma kwenye boneti za matrekta mashambani na barabarani hapa Afrika Mashariki.

Ferguson alijiuzulu mwaka uliofuata, akageukia magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne ili yasiteleze barabarani. Alifariki nyumbani kwake Stow-on-the-Wold, Uingereza, tarehe 25 Oktoba 1960, akiwa na umri wa miaka 75.

Yale ambayo chuma hakiwezi kumfanyia dereva

Mikono mitatu ya Ferguson imeokoa maisha ya watu wengi. Hata hivyo, humlinda dereva anayeitumia inavyopaswa tu. Baadhi yenu mtamaliza mtihani na kurudi nyumbani kwenye trekta la kukodisha au la ushirika, na mtaambiwa mpande mfanye kazi. Kwa hiyo yaelewe mambo yafuatayo pamoja na sababu zake.

1. Usifunge mnyororo kwenye mkono wa juu au kwenye ekseli ili kuvuta gogo, tela au gari lililokwama. Kitu cha kukokotwa hufungwa kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya usawa wa ekseli. Ukifunga juu, unaurudisha mpangilio ule ule uliowaua madereva wa 1917.

2. Unapofunga zana, rudi nyuma polepole, simamisha trekta, weka breki na uzime injini kabla ya kushuka. Anza na mkono wa chini wa kushoto, kisha wa kulia unaorekebishwa kwa urahisi, na mwisho wa juu. Weka vifungio kwenye pini zote. Unapofungua, anza na wa juu.

3. Asisimame mtu kati ya trekta na zana wakati trekta linarudi nyuma. Mguu ukiteleza kwenye klachi, hakuna nafasi ya kukimbia.

4. Usiguse wenzo wa haidroliki ukiwa umesimama ardhini nyuma ya trekta. Mikono ya chuma hunyanyuka kwa nguvu na haichagui kati ya plau na kidole.

5. Usiingie chini ya zana iliyonyanyuliwa kwa haidroliki peke yake. Mpira wa mafuta ukipasuka, zana huanguka. Kabla ya kuondoka kwenye trekta, shusha zana hadi ardhini, zima injini na uchukue ufunguo.

6. Kifungio cha difu hutumika magurudumu yanapoteleza, trekta likiwa linakwenda moja kwa moja. Kiachie kabla ya kukata kona, na unyanyue plau kwanza. Kikiwa kimefungwa, trekta hukataa kugeuka.

7. Pedali mbili za breki za kushoto na kulia zifungwe pamoja unapotoka shambani kuingia barabarani. Ukikanyaga upande mmoja kwa mwendo wa kasi, trekta huzunguka na kupinduka.

8. Trekta lina kiti cha dereva. Kama halina kiti cha pili, halibebi abiria, wala mtu hakai juu ya plau au haro ili kuongeza uzito. Kazi ya kuongeza uzito Ferguson aliipa haidroliki.

Muhtasari wa kukumbuka

1884: Kuzaliwa Growell, Ireland.
1902: Kujiunga na karakana ya kaka yake, Belfast.
1909: Kurusha ndege aliyoiunda.
1917: Kuzunguka Ireland na kuliona tatizo la plau.
1926: Hataza ya mfumo wa haidroliki.
1933: Trekta Jeusi.
1936: Trekta la kwanza kuuzwa lenye mfumo kamili.
1938: Makubaliano na Henry Ford.
1946–1956: Trekta la TE20.
1948–1952: Kesi dhidi ya kampuni ya Ford.
1953: Kuungana na Massey-Harris.
1960: Kufariki.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya wasifu na tawasifu, kisha thibitisha kuwa habari uliyosoma ni wasifu. (alama 4)
2. Taja tabia mbili za Ferguson zinazojitokeza katika tukio la ndege, na uoneshe jinsi moja kati ya hizo ilivyomsaidia baadaye. (alama 4)
3. Kwa nini trekta la zamani lilipinduka chali plau iliponasa kwenye jiwe? (alama 4)
4. Andika ufupisho wa sehemu inayohusu jinsi mfumo unavyofanya kazi kwa maneno yasiyozidi 70. (alama 6)
5. Makubaliano ya Ferguson na Ford yanatufundisha nini kuhusu mikataba? Toa hoja mbili kutoka katika habari. (alama 4)
6. Jirani yako anataka kuvuta gogo kwa kufunga mnyororo kwenye mkono wa juu wa trekta. Mweleze kwa nini asifanye hivyo. (alama 3)

Mwongozo wa swali la 6: Mtahiniwa anayeandika kwamba ni hatari bila kutoa sababu hupata alama 1. Ili upate zote, eleza kwamba mvuto ukiwa juu ya ekseli, gogo likinasa pua ya trekta hunyanyuka na trekta humpindukia dereva. Kisha taja mahali sahihi pa kufunga, ambapo ni kwenye chuma cha kuvutia, chini ya usawa wa ekseli.